Damu ya ratiba, na chuma kinachobaki mwilini

Katika wodi nyingi za watoto hapa kwetu, damu ni kitu cha dharura. Mtoto mwenye selimundu analetwa amepauka, HB (kiwango cha hemoglobini, inayobeba oksijeni kwenye damu) ni 4, ndugu wanatafutwa usiku huohuo, chupa moja inatundikwa, HB inapanda hadi 7, na baada ya siku chache anaruhusiwa. Utaratibu huo unaokoa maisha na hakuna wa kuubeza. Ila yako matumizi mengine ya damu yanayofuata mantiki tofauti kabisa. Mtoto anaingia kliniki kwa miguu yake, anacheka, HB ni 8, haumwi popote, na bado anawekewa damu kwa sababu wiki ya nne imetimia. Mama anauliza, na ana haki ya kuuliza: "Daktari, mtoto mzima huyu, damu ya nini?"

Jibu linategemea anaumwa nini. Mwenye talasemia kali hawezi kutengeneza hemoglobini ya kumtosha, tangu mwaka wake wa kwanza au wa pili. Uboho wake unahangaika kuzalisha chembe ambazo nyingi hufa kabla hazijaingia kwenye mzunguko, na katika kuhangaika huko unatanuka: paji la uso linachomoza, mashavu yanainuka, mifupa inakuwa myepesi, wengu linavimba hadi kitovuni. Akiongezewa damu kila baada ya wiki 2 hadi 5, lengo ni kwamba siku anayorudi, kabla ya kuwekewa nyingine, HB isiwe chini ya 9.5 hadi 10.5. Kiwango hicho ndicho kinachoutuliza uboho. Ukisubiri ashuke hadi 6 ndipo umpe, atabaki hai, lakini mifupa yake itaendelea kuharibika katikati ya chupa na chupa.

Mwenye selimundu tatizo lake ni jingine. Damu anayo, mwili wake umeizoea HB ya 7 au 8, ila chembe zake zinapinda na kuziba mishipa. Anapowekewa damu kwa ratiba, kinachotafutwa ni kupunguza sehemu ya chembe zake mwenyewe ndani ya mzunguko: HbS, yaani hemoglobini ya selimundu, iwe chini ya asilimia 30. Sababu kuu ni kiharusi. Bila kinga, takriban mtoto mmoja kati ya kila 10 wenye selimundu ya SS (waliorithi kinasaba chake kwa wazazi wote wawili) hupata kiharusi kabla hajatimiza miaka 20, na aliyepata mara moja ana uwezekano mkubwa wa kupata tena ndani ya miaka michache. Mwaka 1998 utafiti wa Marekani uitwao STOP ulionyesha kwamba watoto ambao damu yao inakimbia ndani ya mishipa mikubwa ya ubongo kwa kasi ya sentimita 200 au zaidi kwa sekunde, wakiwekewa damu kwa ratiba, hatari ya kiharusi cha kwanza inashuka kwa asilimia 92. Kasi hiyo hupimwa kwa Doppler ya kichwani. Haina sindano wala mionzi, mtoto anajilaza tu akiwa macho huku kidude kikiwekwa pembeni mwa kichwa juu ya shavu. Hupimwa mara moja kwa mwaka, kuanzia miaka 2 hadi 16. Chini ya 170 ni salama, kati ya 170 na 199 arudiwe mapema, 200 na kuendelea ni kengele. Ni vyema apimwe akiwa mzima na ametulia, kwa sababu homa na upungufu mkali wa damu vyote huongeza kasi, na mtoto aliyelala usingizi au anayelia hutoa namba zisizoaminika.

Talasemia kali si ugonjwa mgeni kabisa kwa Waswahili. Ni tatizo kubwa Oman na nchi nyingine za Ghuba, na hujitokeza pia katika familia za pwani zenye asili ya Uarabuni au Bara Hindi. Mtu anaweza kurithi selimundu kwa mzazi mmoja na talasemia kwa mwingine. Huyo hutibiwa kama mgonjwa wa selimundu, na ukali wake hutegemea aina ya talasemia aliyoirithi.

Sasa damu yenyewe. Hospitali nyingi humwambia mzazi: "Mama, leta ndugu wachangie." Kwa dharura, sawa. Kwa damu ya ratiba utaratibu huo una kasoro ambayo haizungumzwi vya kutosha. Wazazi wote wawili wa mtoto wa SS wamebeba kinasaba cha selimundu, hilo halina mjadala. Mjomba, shangazi, ba'mdogo na ma'mdogo, kila mmoja ana uwezekano wa angalau nusu kwa nusu wa kukibeba. Kaka au dada yake aliye mzima, wawili kati ya kila watatu ni AS, yaani wamebeba kinasaba kimoja bila kuugua. Damu ya mtu wa AS ina HbS ya karibu asilimia 35 hadi 40. Yeye haimdhuru, na kwa mgonjwa anayevuja damu ingefaa tu. Lakini kwa mtoto ambaye unataka HbS yake ishuke chini ya 30, ukimmiminia damu yenye 40 hesabu haitoki. Mwezi unaofuata maabara inasoma HbS 38, daktari anadhani dozi ni ndogo, anaongeza damu, na chuma kinachokuja na damu hiyo nacho kinaongezeka bure. Isitoshe, damu ya AS mara nyingi huziba chujio la kuondoa chembe nyeupe. Na damu ya ndugu wa karibu inaweza kuuzoesha mwili wa mtoto kuwakataa, siku itakapotafutwa nafasi ya kupandikizwa uboho wa mmoja wao.

Kwa hiyo ndugu waje, wachangie kwa wingi, ila chupa zao ziende kwenye akiba ya jumla, na mtoto apewe chupa ya mtu asiye ndugu iliyopimwa selimundu. Kipimo cha haraka cha kuyeyusha hemoglobini kinatosha kwa hilo na si ghali. Sielewi kwa nini hakifanywi kila mahali penye kliniki ya selimundu.

Upande wa vipimo vya maambukizi mambo yamenyooka zaidi: virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende hupimwa kwenye kila chupa. Mtoto anayeanza ratiba apimwe homa ya ini na akamilishe chanjo ya B kabla, maana atapokea damu ya watu wengi mno maishani.

Kundi la damu ni zaidi ya A, B, O na chanya au hasi. Juu ya chembe nyekundu kuna alama nyingine nyingi, na mtu anayepokea damu mara kwa mara hujifunza kuzikataa zile asizonazo. Wakorofi wakubwa ni C, E, c, e za familia ya Rh, na K ya Kell. Kabla ya chupa ya kwanza, mtoto apimwe alama hizo zote na ziandikwe. Baada ya damu za watu kuingia mwilini mwake, kipimo cha kawaida cha alama hizo kitakudanganya kwa miezi kadhaa kwa sababu unasoma mchanganyiko. Hospitali ndogo ambayo haina uwezo wa kulinganisha alama hizo kwenye kila chupa angalau ifanye krosmachi (kuchanganya damu ya chupa na ya mtoto maabara kuona kama zinakataana) iliyo kamili, yaani hatua ya nyuzi 37 pamoja na kitendanishi cha antiglobulini. Krosmachi ya kuchanganya na kuzungusha tu hukamata makosa ya A, B na O, lakini kingamwili (silaha za mwili) dhidi ya K na E hupita chini yake bila kuonekana. Sampuli ya mtu aliyewekewa damu ndani ya miezi 3 iliyopita isizidi siku 3, maana kingamwili mpya inaweza kuchomoza wakati wowote.

Siku yenyewe inaanza kwenye mizani. Uzito wa leo na HB ya leo. Zile zilizoandikwa faili la mwezi uliopita zisitumike. Chembe nyekundu zilizotenganishwa, zenye ujazo wa chembe wa asilimia 60, hupandisha HB kwa gramu 1 kwa kila mililita 3.5 kwa kilo. Mtoto wa talasemia mwenye kilo 20 aliyerudi na HB 9.5, ukitaka afike 12.5, anahitaji 3.5 × 3 × 20, yaani mililita 210. Kwa kawaida dozi huangukia kati ya mililita 10 na 15 kwa kilo. Kwa mwenye selimundu kuna dari: kama HbS bado iko juu, usimvushe HB 10 au 11. Damu yenye chembe mundu nyingi ikizidi kuwa nzito hukwama kwenye mishipa midogo, na unaweza kumsababishia kiharusi kilekile unachokikimbia. Akianza akiwa na HB 9 na HbS 85, suluhisho ni kutoa kwanza ndipo uongeze: unatoa mililita 5 hadi 10 kwa kilo kwa mkono huku ukirudishia maji ya chumvi, kisha unampa chembe nyekundu. Njia hiyo inachosha na inahitaji muuguzi wa kukaa palepale, ila inashusha HbS haraka na inaacha chuma kidogo zaidi.

Kama benki ina damu nzima pekee, chupa isimamishwe wima kwenye friji bila kutikiswa hadi chembe zituame, halafu zipewe zile za chini na plazima iachwe. Si safi kama ya mashine, lakini inampunguzia mtoto maji yasiyo na kazi, na moyo uliozoea upungufu wa damu hauyapendi maji hayo.

Damu hukaa friji ya nyuzi 2 hadi 6. Ikishatoka, iwe imeisha kuingia ndani ya saa 4; haiwekwi juani, haitumbukizwi maji ya moto, haifichwi kwapani ipate joto. Mpira uwe wa damu, wenye chujio, na kisipite kitu kingine humo isipokuwa maji ya chumvi ya kawaida. Dripu ya glukosi hupasua chembe, na Ringer ina kalsiamu inayoweza kugandisha damu ndani ya mpira. Kisha watu wawili wasome kwa sauti, wakiwa kitandani na si mezani: jina, namba ya hospitali, kundi lililo kwenye chupa na lililo kwenye fomu. Vifo vingi vya papo hapo vinavyotokana na damu chanzo chake ni karatasi: chupa ya mtoto mmoja imewekwa kwa mwingine mwenye jina linalofanana.

Dakika 15 za mwanzo matone yaende taratibu na mtu asimame pale. Mtoto akisema mgongo unauma, akianza kutetemeka, akikosa utulivu bila sababu, unafunga kwanza ndipo unauliza. Mpira unabadilishwa, kanula inabaki wazi kwa maji ya chumvi, chupa na sampuli mpya vinarudi maabara. Vipele vya kuwasha peke yake ni jambo jepesi zaidi: unasimamisha, unampa dawa ya mzio, na ukishatulia unaweza kuendelea. Zikipita dakika hizo kwa amani, kasi inaongezwa, na kazi yote huchukua saa 3 hadi 4. Kwa kanula chagua mshipa wa nyuma ya mkono na uitunze mishipa ya kiwiko, kwa kuwa mtoto huyu atahitaji mishipa kwa miaka mingi.

Lipo tatizo linalotokea nyumbani, na ndilo linalowachanganya hata wahudumu. Kati ya siku ya 3 na ya 14 hivi baada ya damu, mtoto wa selimundu anapata maumivu makali, homa, macho ya njano, mkojo mweusi. Kila mtu anasema ni "kraisisi", yaani shambulio la maumivu ya selimundu. Anapimwa HB: ipo chini kuliko ilivyokuwa kabla hajawekewa damu. Hapo kingamwili ya zamani imeamka na inapasua chembe za mchangiaji, na wakati mwingine za mtoto mwenyewe pia. Mkono wa mtu yeyote utakimbilia kutundika chupa nyingine. Chupa hiyo inaweza kuchochea moto. Kama mtoto anastahimili, hupewa maji, dawa za maumivu, dawa za kutuliza kinga na uangalizi wa karibu. Damu inabaki kwa ajili ya hali inayotishia maisha. Na ubaya wa kingamwili hizi ni kwamba baada ya miezi hufifia hadi kipimo hakizioni, ilhali mwili haujasahau. Kwa hiyo ikigunduliwa mara moja iandikwe kwenye kadi ya mtoto kwa wino, na kadi isafiri naye, kwa sababu maabara ya mkoa mwingine haitaiona.

Sasa tuje kwenye chuma. Mililita moja ya chembe nyekundu halisi ina miligramu 1.08 za chuma. Mtoto wetu wa kilo 20 akipewa mililita 300 zenye ujazo wa asilimia 60, chembe halisi ni 180, chuma ni miligramu 194. Kila wiki 4, mara 13 kwa mwaka: gramu 2.5. Mtu mzima mwenye afya ana gramu 3 hadi 4 za chuma mwilini mwake mwote. Binadamu hana njia ya kutoa chuma kilichozidi. Hupoteza miligramu 1 hadi 2 kwa siku pamoja na ngozi na utumbo unaobanduka, basi. Ini linajaa kwanza. Baadaye tezi: mtoto anaacha kurefuka, balehe haiji, kongosho linashindwa na kisukari kinaingia. Moyo huja mwishoni na ndio huua, hasa kwenye talasemia, kwa mapigo yasiyo na mpangilio au kwa kushindwa kusukuma. Moyo uliojaa chuma unaweza kuonekana mzuri kwenye kipimo cha eko hadi karibu na mwisho. MRI ya T2*, picha ya sumaku inayopima chuma, huuona mapema: chini ya milisekunde 20 kuna chuma, chini ya 10 ni hatari kubwa. Kipimo hicho hakipatikani kirahisi katika ukanda wetu, kwa hiyo tunategemea feritini (kipimo cha damu cha akiba ya chuma) kila baada ya miezi 3. Feritini hupanda pia kwa homa na maambukizi, kwa hiyo mtoto apimwe akiwa mzima, na usome mwelekeo wa vipimo kadhaa badala ya kushtushwa na kimoja. Ikivuka 1,000, au baada ya chupa 10 hadi 20, dawa ya kuondoa chuma inaanza. Ikikaa juu ya 2,500 muda mrefu, moyo uko hatarini.

Dawa ziko tatu. Deferoksamini, ya zamani kuliko zote, huingia chini ya ngozi kwa pampu ndogo kwa saa 8 hadi 12, usiku 5 hadi 7 kwa wiki, miligramu 20 hadi 40 kwa kilo kwa mtoto. Kichupa cha miligramu 500 huyeyushwa kwa mililita 5 za maji ya sindano. Mkojo huwa na rangi ya kutu, na hiyo ni dalili njema. Inafanya kazi vizuri, tatizo ni kwamba vijana huichoka. Pampu inabaki kabatini na feritini inaeleza ukweli. Masikio na macho yapimwe kila mwaka.

Deferiproni ni kidonge, miligramu 75 kwa kilo kwa siku, hugawanywa mara tatu, na inasafisha moyo vizuri kuliko ini. Kwa takriban mtu mmoja kati ya 100 hufuta chembe nyeupe za kinga. Ndiyo maana damu hupimwa kila wiki mwanzoni, na ndiyo maana sheria yake haina mjadala: ukipata homa, acha dawa siku hiyohiyo na nenda ukapimwe. Katika eneo lenye malaria, ambako homa hutibiwa nyumbani kwa mazoea, sheria hiyo lazima irudiwe kila kliniki.

Deferasiroksi huliwa mara moja kwa siku na ndiyo wengi huanza nayo. Kidonge cha kuyeyusha ni miligramu 20 hadi 40 kwa kilo. Kile cha kumeza ni 14 hadi 28, na kuchanganya hesabu za aina hizi mbili ni kosa la hatari, kwani cha kumeza kina nguvu zaidi kwa karibu theluthi. Cha kuyeyusha hukorogwa kwenye nusu glasi ya maji au juisi ya machungwa, asubuhi, nusu saa kabla ya chai. Maziwa na soda hayafai. Unga ulioganda chini ya glasi usiachwe: ongeza maji kidogo, zungusha, anywe. Figo na ini hupimwa kila mwezi, na dawa husimamishwa mtoto anapoharisha sana au kutapika, maana figo zilizokauka maji haziistahimili. Maini, dengu au mchicha hubaki kuwa chakula tu. Chuma cha mezani ni kidogo kando ya kile cha chupa. Chai nyeusi pamoja na chakula humsaidia kidogo mwenye talasemia. Vidonge vya kuongeza damu vyenye chuma, ambavyo kila duka la dawa litamuuzia mama akisema mtoto amepauka, hapana kabisa.

Kitu kingine cha kufuatilia ni jumla ya damu kwa mwaka. Mtoto wa talasemia akianza kuhitaji chembe halisi zaidi ya mililita 200 hadi 220 kwa kilo kwa mwaka ili abaki kwenye HB ileile, huenda wengu linazila. Au amepata kingamwili. Daftari lenye tarehe, uzito, HB kabla, HB baada na mililita ndilo litakalokuonyesha; bila daftari unaona tu kwamba "siku hizi damu haikai".

Kwa selimundu ipo njia ya kutoka, na kwa nchi ambazo damu salama haitoshi, njia hiyo ni ya kuangaliwa mapema. Haidroksiyurea huongeza hemoglobini ya kichanga ndani ya chembe na kuzizuia zisipinde. Utafiti wa REACH uliofanyika Angola, Kongo ya Kinshasa, Kenya na Uganda, matokeo yakatolewa mwaka 2019, ulionyesha kwamba watoto wanaoitumia hupungukiwa na maumivu, malaria na haja ya kuongezewa damu. Na utafiti wa TWiTCH, mwaka 2016, ulionyesha kwamba mtoto aliyekuwa na kasi ya 200, ambaye hajawahi kupata kiharusi, amewekewa damu angalau mwaka mmoja na mishipa yake mikubwa haijaharibika sana, anaweza kuhamia haidroksiyurea salama. Aliyekwisha pata kiharusi ni habari nyingine: kwake damu bado inalinda vizuri zaidi inapopatikana, na pale isipopatikana haidroksiyurea ni bora kuliko kumwacha bila kitu.

Kuhama hakufanyiki kwa kukata siku moja. STOP 2, utafiti uliofuata ule wa STOP, mwaka 2005, ulisimamishwa mapema kwa sababu watoto walioachishwa damu bila mbadala kasi ilirudi juu, wengine wakapata kiharusi. Dawa huanza karibu miligramu 20 kwa kilo huku damu ikiendelea, dozi inapandishwa taratibu kwa kuangalia chembe nyeupe na chembe sahani za kugandisha damu, na damu inapunguzwa kadiri dawa inavyoshika, kazi ya miezi kadhaa. Mtoto akishasimama kwa dawa, chuma cha miaka iliyopita huondolewa kwa njia rahisi kuliko zote: anatolewa damu, hadi mililita 10 kwa kilo, kila mwezi, huku HB ikipimwa kabla ya kila safari. Chupa hiyo hapewi mtu mwingine.